Feni sita, soketi mbili: kutafuta chanzo cha hitilafu katika umeme wa feni za kasha

Kompyuta ya mezani ya kawaida huja na feni moja au mbili za kasha, na kwa kazi za ofisini hizo hutosha. Shida huanza pale mwenye kompyuta anapofunga kadi ya michoro yenye joto jingi, akaona chumba chake cha Dar es Salaam au Mombasa tayari kina nyuzi 31 ifikapo saa nane mchana, akanunua feni nyingine nne za milimita 120, kisha akafungua ubavu wa kasha na kukuta ubao mama una soketi mbili tu za feni za kasha. Hapo ndipo splita (kebo inayogawa soketi moja kuwa ncha kadhaa), habu (kijisanduku chenye nafasi nyingi za feni) na nyaya za kuunganishia zinapoingia, na ndipo hitilafu nyingi ninazoletewa mezani zinapozaliwa. Karibu zote zinatokana na kuchanganya mambo matatu yanayopita katika kebo moja nyembamba ya feni, yaani umeme wa kuizungusha, amri ya mwendo wake, na taarifa ya mwendo huo. Anayeweza kusema dalili anayoiona ni ya lipi kati ya hayo matatu amekwisha kupata nusu ya jibu kabla hajashika bisibisi.

Feni yenye pini tatu ina waya wa hasi, waya wa volti 12, na waya wa taarifa. Feni yenye pini nne ina hizo zote pamoja na waya wa amri, ambao mafundi huuita PWM. Waya wa taarifa hutoa mapigo mawili kila feni inapomaliza mzunguko mmoja, na ubao mama huyahesabu mapigo hayo ili kuonyesha mizunguko kwa dakika. Waya wa amri hufanya kazi kwa upande wa pili: ubao hutuma mapigo ya umeme mdogo wa volti 5 hivi, mara 25,000 kwa sekunde, na upana wa kila pigo ndio unaoiambia feni izunguke kwa asilimia ngapi ya uwezo wake. Feni ya pini tatu haina masikio ya kusikia amri hiyo, kwa hiyo ubao ukitaka kuipunguza mwendo hauna budi kuipunguzia volti zenyewe, kutoka 12 kushuka hadi 7 au 5. Hizi ni njia mbili tofauti kabisa za kuendesha feni, na katika mipangilio ya BIOS, yaani programu ya ubao mama inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka, hutajwa kwa majina mawili, DC kwa ile ya kupunguza volti na PWM kwa ile ya amri.

Jambo moja katika mpangilio wa pini nne, ambao ulitolewa na Intel, linafaa kukaririwa kwa sababu hutoa mwanga katika dalili nyingi: waya wa amri ukikatika au usipounganishwa, feni hukimbia kwa mwendo wake wa juu kabisa. Ilipangwa hivyo kwa makusudi, ili kompyuta isiungue kwa sababu ya waya mmoja kulegea. Maana yake ni kwamba feni inayovuma kama kinu muda wote ina umeme wa kutosha, na ilichokosa ni amri.

Rangi za nyaya zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa maana hapo watu wazima na akili zao huunguza vifaa. Katika feni nyingi za pini tatu, mweusi ni hasi, mwekundu ni volti 12, na wa njano ni wa taarifa. Katika feni nyingi za pini nne zinazofuata mpangilio wa Intel, mweusi ni hasi, wa njano ni volti 12, wa kijani ni wa taarifa, na wa buluu ni wa amri. Kwa hiyo njano katika feni moja ni taarifa, na katika feni ya pili ni umeme kamili. Ukienda kwenye plagi kubwa ya Molex inayotoka kwenye pawasaplai (kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme), mambo yanageuka tena: njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, na miwili myeusi ya katikati ni hasi. Mtu anayeunga nyekundu kwa nyekundu kwa kufuata rangi atapata feni ya volti 12 inayozunguka kwa volti 5, kwa uvivu au isizunguke kabisa, na atadhani ameuziwa feni mbovu. Siku hizi, tena, watengenezaji wengi hutoa nyaya zote nyeusi tupu, na hapo rangi haisaidii chochote. Njia ya uhakika ni kuhesabu pini kuanzia upande wenye kingo mbili za plastiki: ya kwanza ni hasi, ya pili ni volti 12, ya tatu ni taarifa, na ya nne, ikiwepo, ni amri. Mpangilio huo ni uleule kwa feni za kasha za kawaida, na ndiyo sababu feni ya pini tatu huingia bila taabu kwenye soketi ya pini nne, ikiiacha pini ya mwisho wazi.

Kabla ya kugusa chochote ndani ya kasha, zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki kwenye pawasaplai uishe. Vipimo vichache nitakavyovitaja huhitaji kompyuta ikiwa imewashwa, na kwa hivyo nitalisema hilo waziwazi.

Hesabu ya ampea

Soketi ya kawaida ya feni kwenye ubao mama huvumilia ampea 1, yaani wati 12. Baadhi ya mbao zina soketi moja au mbili za ampea 2 au 3, ambazo kwa kawaida hutengwa kwa ajili ya pampu ya maji, na kitabu cha ubao husema ni zipi. Kwenye kibandiko cha katikati ya feni utakuta maandishi kama DC 12V 0.15A au 0.30A. Hesabu ni ya kujumlisha tu: feni tatu za 0.15 ni ampea 0.45, na soketi moja itazibeba bila wasiwasi. Feni nne za 0.30 ni ampea 1.2, na soketi hiyohiyo imekwisha kuzidiwa. Isitoshe, feni inapoanza kutoka kusimama huvuta umeme mwingi kuliko inaouvuta ikiwa imeshashika mwendo, na feni zote zilizo kwenye splita moja huanza kwa pamoja. Mimi hukomea ampea 0.7 kwa soketi ya ampea 1, na sijawahi kujuta.

Niliwahi kuletewa kompyuta ya kijana mhariri wa video ambaye alikuwa amefunga splita ya njia tatu, na kwenye moja ya ncha zake akafunga splita nyingine ya njia nne, akapata feni sita kwenye soketi moja. Kila feni ilikuwa ya ampea 0.30. Ilifanya kazi kwa majuma matatu. Kisha asubuhi moja feni zote sita zikanyamaza kwa mpigo mmoja, na kompyuta ikawa inajizima kila anapoanza kutoa video. Nilipochomoa plagi na kuitazama soketi kwa tochi, plastiki nyeupe iliyoizunguka pini ya pili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Feni zilikuwa nzima zote. Kilichokufa ni kijipande kidogo cha kielektroniki kilicho nyuma ya soketi, kinachodhibiti umeme wake, na ubao uliobaki ulikuwa mzima. Tulinunua habu yenye umeme wake, tukaipa amri kutoka soketi nyingine, na kompyuta inaendelea kufanya kazi hadi leo.

Kisa hicho kinaonyesha pia kosa la kufikiri ambalo wengi hulifanya. Feni sita za ampea 0.30 huvuta wati 21.6 kwa jumla, na pawasaplai ya wati 500 haiuhisi hata kidogo mzigo huo. Kwa hiyo kununua pawasaplai kubwa zaidi hakutatui chochote hapa. Kilichozidiwa ni njia nyembamba ya shaba iliyo kwenye ubao mama, na dawa yake ni kuupitisha umeme kwingine. Habu yenye plagi ya SATA, ile bapa inayotumika kuipa diski umeme, huuchukua umeme moja kwa moja kutoka pawasaplai, na plagi ya SATA huruhusu hadi ampea 4.5 kwenye volti 12, kwa sababu ina pini tatu za volti hizo na kila moja hubeba ampea 1.5. Kutoka ubao mama habu huchukua amri tu, na huurudishia taarifa ya feni moja.

Feni haizunguki kabisa

Ikiwa feni zote zilizo kwenye habu zimesimama na nyingine zinazunguka, angalia kwanza plagi ya SATA au Molex ya habu. Makasha mengi ya siku hizi huwa na habu iliyofichwa nyuma ya ubao mama, upande wa kulia, na mfungaji huunganisha waya wa amri na kusahau kabisa waya wa umeme. Amri inafika, lakini hakuna cha kuitekeleza.

Ikiwa ni feni moja tu iliyosimama, ihamishie kwenye nafasi ya feni inayozunguka. Ikizunguka huko, feni ni nzima na tatizo liko kwenye soketi au splita; isipozunguka, tatizo ni lake. Kwa wasio na maltimita (kifaa cha kupimia volti) kuna kipimo ninachokipenda kwa wepesi wake: betri ya volti 9, ile ya mstatili. Feni ikiwa mkononi na haijaunganishwa popote, gusisha pini ya kwanza na upande hasi wa betri na pini ya pili na upande chanya, kwa kutumia vipande viwili vya waya mwembamba. Feni nzima ya volti 12 itazunguka kwa mwendo wa wastani. Hakikisha hujageuza pande, maana ukizigeuza feni haitazunguka hata kama ni nzima, na utaihukumu kwa uongo.

Mwenye maltimita na apime soketi yenyewe kompyuta ikiwa imewashwa, kwa uangalifu asigusishe pini mbili kwa ncha moja. Weka ncha nyeusi kwenye chuma kitupu cha kasha na ncha nyekundu kwenye pini ya pili. Soketi iliyo katika hali ya PWM inapaswa kusoma kati ya volti 11.4 na 12.6. Ikisoma sifuri, soketi imekufa. Lakini ikiwa iko katika hali ya DC, unaweza kusoma volti 6 au 7 na isiwe hitilafu hata chembe, kwa sababu ubao umeamua kuipunguza feni. Kabla ya kutoa hukumu, ingia BIOS na uweke soketi hiyo kwenye mwendo wa juu, kisha upime tena.

Hali hiyo ya DC huleta dalili nyingine inayowasumbua watu: feni inagutuka, inatikisika kidogo mbele na nyuma, wala haianzi, lakini ukiyasukuma mapanga yake kwa kidole, inashika na kuzunguka vizuri. Feni inahitaji volti nyingi zaidi ili kuanza kuliko inazohitaji ili kuendelea, na ubao umeipa chini ya hizo za kuanzia. Ongeza kiwango cha chini katika mipangilio, hatua kwa hatua, hadi feni ianze yenyewe kila unapowasha kompyuta baridi. Feni iliyozeeka, ambayo mafuta ya beringi yake yamekauka na kuchanganyika na vumbi, itahitaji volti nyingi zaidi kadiri miezi inavyopita, na hiyo ni ya kubadilisha.

Kuna pia mbao mama na kadi za michoro ambazo husimamisha feni kwa makusudi joto linapokuwa chini. Feni isiyozunguka katika dakika tano za kwanza, kisha ikaanza kazi inapokuwa nzito, haina ugonjwa.

Feni zinakimbia kwa nguvu zote muda wote

Hii ni dalili ya kukosa amri, na sababu zake ni chache. Ya kwanza, ambayo ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi, ni feni ya pini tatu iliyo kwenye soketi iliyowekwa PWM. Ubao unatuma amri kwenye pini ya nne, feni haina pini hiyo, na volti 12 zinaendelea kuja zote. Badilisha hali ya soketi iwe DC na utaisikia feni ikitulia ndani ya sekunde chache. Hali ya kujichagulia, ambayo mbao nyingi huwa nayo, hukosea hasa pale splita inapokuwa na mchanganyiko wa feni za pini tatu na za pini nne, kwa sababu ubao unaona feni moja tu kati ya hizo na kuzihukumu zote kwa hiyo moja. Ukilazimika kuchanganya, weka DC kwa mkono. Feni za pini nne nazo zitatii upungufu wa volti, ingawa hazikuundwa kwa njia hiyo na huenda zikakataa kuanza kwenye volti za chini.

Sababu ya pili ni feni za pini tatu zilizofungwa kwenye habu yenye umeme wake. Habu za kawaida za PWM hutoa volti 12 bila kupunguza na kusambaza amri kwenye pini ya nne. Hakuna mpangilio wowote wa BIOS utakaozituliza feni hizo, na nimewaona watu wakipoteza jioni nzima wakitafuta. Zihamishie kwenye soketi ya ubao yenye hali ya DC, au ununue feni za pini nne.

Sababu ya tatu ni kinyume chake: habu ina feni za pini nne, lakini soketi inayoipa amri imewekwa DC, na kwa mbao nyingi soketi ikiwa hivyo pini ya nne haibadiliki. Irudishe iwe PWM. Na ikiwa hayo yote yako sawa, vuta kwa upole kila waya wa amri pale unapoingia kwenye plagi. Waya uliovutwa wakati wa kufunga kasha hutoka kwenye pini yake bila kuonekana, ukabaki umekaa tu ndani ya plastiki.

Namba za mizunguko zinarukaruka, au zinaonyesha sifuri

Hapa feni inazunguka, inatii, na kinachosumbua ni taarifa peke yake. Feni mbili zikiunganishwa kwa splita na nyaya zake zote mbili za taarifa zikafika kwenye ubao, mapigo yake huchanganyika, na ubao ukisoma 2,300 sasa hivi, sekunde ijayo utasoma 900. Splita iliyotengenezwa vizuri huzuia hilo kwa kuacha waya wa taarifa kwenye ncha moja tu. Itazame kwa karibu: ncha ya kwanza ina pini zote nne, na nyingine zina pengo katika nafasi ya tatu. Ikiwa ya kwako haina pengo, unaweza kulitengeneza. Chukua sindano nyembamba, bonyeza kijiulimi cha chuma kinachoonekana kwenye kidirisha cha ubavuni mwa plagi, vuta waya wa tatu kutoka nyuma utoke na pini yake, kisha uufunge kwa utepe wa umeme ili chuma chake kisiguse kitu. Ni kazi ya dakika mbili na inaweza kurudishwa wakati wowote.

Kwenye habu, nafasi moja tu ndiyo inayopeleka taarifa, na mara nyingi huwa imeandikwa namba 1 au kupakwa rangi tofauti. Nafasi hiyo ikiwa tupu, ubao utasoma sifuri hata kama feni nane zinavuma. Ifahamike pia kwamba feni zilizobaki kwenye habu hazina mtu wa kuzichunguza: moja ikisimama, hutajulishwa. Kwa sababu hiyo naona ni busara kila baada ya miezi miwili mitatu kufungua ubavu na kuzitazama kwa macho.

Taarifa ikikosekana kwenye soketi ya prosesa, matokeo yake ni makubwa zaidi. Kompyuta nyingi hukataa kuendelea na kuandika «CPU Fan Error» kwenye skrini, kwa sababu zinaamini prosesa haina feni. Hutokea pale mtu anapoiunganisha feni ya prosesa moja kwa moja na pawasaplai, au anapoihamishia kwenye habu katika nafasi isiyo na taarifa. Irudishe feni hiyo kwenye soketi yake. Ikiwa iko mahali pake na ujumbe bado unakuja, pengine ni feni kubwa inayozunguka polepole, na ubao umewekewa kiwango cha tahadhari cha mizunguko 600 kwa dakika. Kishushe hadi 300 au 200. Kuuzima ujumbe huo kabisa kunawezekana katika BIOS, lakini nawasihi wasomaji wasifanye hivyo ila pale prosesa inapopozwa na pampu ya maji iliyounganishwa kwingine na kuhakikiwa.

Mwendo unapanda na kushuka kila mara

Kelele inayopanda na kushuka kila sekunde chache haitokani na umeme, na kubadilisha nyaya hakutaiondoa. Joto la prosesa huruka nyuzi 10 au 15 kwa kufungua tu ukurasa mzito wa intaneti, na ubao hukimbilia kuzipandisha feni za kasha, ambazo hata hivyo hazina uwezo wa kulipooza joto la sekunde mbili. Katika mipangilio ya feni, ongeza muda wa kusubiri kabla ya mwendo kubadilika, na uufanye mchoro wa mwendo, unaoonyesha feni izunguke kiasi gani kwa kila kiwango cha joto, uwe bapa hadi nyuzi 55 au 60. Ikiwa ubao unaruhusu kuchagua kihisi joto cha kufuata, feni za mbele zifuate joto la ubao au la kadi ya michoro badala ya prosesa.

Kompyuta inajizima mara tu inapowashwa

Ikiwa feni mpya zimefungwa na kompyuta sasa inawaka kwa nusu sekunde kisha inazima, pawasaplai imeona shoti, yaani umeme unapita njia ya mkato, na imejikinga. Tafuta waya uliobanwa kati ya feni na chuma cha kasha, au uliotobolewa na skrubu ya feni, jambo linalotokea zaidi kwenye feni za juu ambako skrubu ndefu hupita karibu na kebo. Chomoa feni zote ulizoongeza, washa, kisha zirudishe moja moja, ukichomoa umeme wa ukutani kila mara. Ile inayorudisha dalili ndiyo yenye jeraha.

Harufu ya plastiki inayoungua haitaki uchunguzi wa polepole. Zima umeme ukutani papo hapo. Mshukiwa wa kwanza ni waya wa kubadilisha Molex kuwa SATA wa aina ile ambayo plagi yake ya SATA imemiminwa plastiki ngumu kuzunguka nyaya. Ndani yake nyaya za volti tofauti hukaa karibu mno, na plastiki ikilainika kwa joto zinagusana. Pawasaplai nyingi zina plagi ya SATA iliyobaki bila kazi mahali fulani kwenye kebo ya diski, nayo ndiyo ya kutumia. Wapo pia wanaopata mwendo wa wastani kwa kuunga feni kati ya njano na nyekundu za Molex, ili ipate tofauti ya volti 7. Feni itazunguka vizuri, lakini umeme wake unarudi kwenye njia ya volti 5, ambayo pawasaplai haikuundwa kuupokea, na vifaa vingine vinategemea njia hiyo. Nashauri kuacha.

Taa na plagi zisizo za kawaida

Feni zenye taa huwa na kebo ya pili, na hiyo haina uhusiano na mwendo. Kebo ya taa yenye matundu matatu na pengo la nafasi moja ni ya volti 5. Yenye matundu manne ni ya volti 12. Taa za volti 5 zikilazimishwa kwenye soketi ya volti 12 huungua papo hapo huku feni ikiendelea kuzunguka, na mwenye kompyuta hurudi dukani akilalamikia feni. Angalia maandishi ya 5V au 12V kwenye ubao, pembeni mwa soketi, kabla ya kusukuma.

Mwisho ni kompyuta za ofisini zilizotumika, ambazo huingia kwa wingi Afrika Mashariki kutoka Ulaya na kupitia Dubai. Baadhi yake zina soketi za feni zenye pini tano au sita, au zenye pini nne zilizopangwa kwa utaratibu wa mtengenezaji mwenyewe, na ubao hulalamika kila inapowashwa ikiwa feni ya asili imetolewa. Usiikate kebo ya feni hiyo ili kuazima plagi yake kabla hujapima kila pini kwa maltimita na kuandika ulichokiona. Kwa mashine ya namna hiyo mimi huiacha feni ya asili ilipo, ikiupa ubao taarifa unayoitaka, na feni za ziada nazipa umeme kutoka pawasaplai kwa habu ndogo yenye kitufe chake cha mwendo, iwapo pawasaplai ina plagi ya SATA ya ziada. Isipokuwa nayo, kebo ya SATA ya kugawa mara mbili, yenye plagi ambazo nyaya zake zinabanwa na meno ya chuma badala ya kumiminiwa plastiki, itafanya kazi hiyo kwa usalama.